Garanti Niliyoipigania

Nyinyi mliokwisha kunisoma mnajua kwamba nimewahi kuuziwa mbuzi mmoja mara mbili, na kwamba mashine ya kusaga niliyoinunua Lubero ilinifikia bila jiwe lake. Makosa yale yalikuwa na watu wa kulaumiwa. Kosa ninalolikiri leo halina mtu. Nililitenda mwenyewe, mchana kweupe, kwa kalamu yangu, na kwa mwandiko ambao hata hakimu angeusifu.

Kwa ajili ya mgeni wa safu hii nitasema kwa ufupi. Mimi ni Mwalimu Lusenge, mwenye umri wa miaka sitini na sita, mpangaji wa nyumba ya vyumba viwili huko Bulengera, Butembo, kwa muda wa miaka kumi na kenda. Mke wangu Kitsa huuza maharage sokoni. Majuzi aliuza msitu wa mikaratusi aliourithi kwa baba yake, akapata dola elfu tano na mia tano, akanikabidhi zote.

"Mwalimu," aliniambia, "magoti yangu iko ndani ya hii franga. Siwezi tena kubeba magunia. Nunua kitu chenye kitatulisha, mimi nikae."

Nikaahidi, na Mwenyezi Mungu ni shahidi.

Kitu chenyewe nilikipata Beni, katika komini ya Ruwenzori. Ilikuwa nyumba moja ndefu ya mabati, yenye milango sita, na kila mlango una mpangaji wake. Mwenye nyumba, bwana mmoja aitwaye Onésime, alitaka dola elfu tano na mia tatu.

Sikukurupuka. Baada ya sala ya adhuhuri nilikaa, nikafungua daftari, nikapiga hesabu. Milango sita, kila mmoja dola ishirini na tano kwa mwezi, jumla mia moja na hamsini. Mara miezi kumi na miwili, elfu moja na mia nane kwa mwaka. Nikapiga mstari chini. Mstari ulinyooka.

Kitsa alikuwa karibu yangu, akichambua maharage kwenye ungo.

"Choo kikijaa?" akauliza.

"Kitachimbwa kingine."

"Na nani?"

"Kitsa, tuko katika hesabu. Hatuko chooni."

Alichukua punje sita, akazipanga kwenye ukingo wa ungo.

"Hii milango yako. Sawa?"

"Sawa."

Akaiondoa ya kwanza. "Huu mulango hauna mutu, alihama." Akaiondoa ya pili. "Huyu iko ndani, lakini halipake. Kila siku anakuambia kesho." Akaiondoa ya tatu. "Huu ni mabati, choo, na bale bakubwa ba leta, ba serikali, benye batakuya na makaratasi." Zikabaki punje tatu. "Voilà nyumba yako, Mwalimu. Milango tatu."

"Mke wangu, nimefundisha hesabu miaka thelathini."

"Na mimi nimeuzisha maharage makumi tatu na mbili."

Nilicheka. Kitsa akazirudisha punje zile ndani ya ungo, na jioni tukazila pamoja na nyingine. Ndivyo nilivyokula ushauri wa mke wangu, na ulikuwa na chumvi ya kutosha.

Siku ya pili nilipanda gari kwenda Beni kuhakiki mambo, kwani mimi si mtu wa kununua nyumba kwa kusikia.

Onésime alinipokea barazani kwa heshima zote. Alinitandikia kontra sita, yaani mikataba ya wapangaji, nami nikazisoma moja baada ya nyingine, neno kwa neno. Katika kila kontra niliona mstari uleule. Garanti, miezi sita. Maana yake ni kwamba kila mpangaji, kabla ya kuingia, alikwisha kumtolea Onésime kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mia moja na hamsini kwa kila mlango. Dola mia tisa kwa milango yote.

Mia tisa hizo hazikuwamo katika daftari langu.

"Bwana Onésime," nikasema, nikijitahidi kuwa mtulivu, "hizi dola mia tisa ziko wapi?"

Alionyesha juu kwa kidole. "Njo ile mabati, Papa. Zilipanda zote huko."

"Basi zimo ndani ya nyumba."

"Ziko ndani, ndiyo."

"Na nyumba nainunua mimi."

"Ndiyo, Papa."

"Basi garanti nazo ni zangu."

Onésime alinitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama mgeni aliyeingia kwake na kuanza kufagia.

"Papa anataka na garanti?"

"Naitaka."

"Yote?"

"Yote, Bwana Onésime. Sitaacha hata senti."

"Ngoja niulize bibi yangu."

Aliingia ndani. Nikasikia kitu kama kikohozi, kisha vikohozi viwili pamoja, kisha mlango ukafungwa. Aliporudi, macho yake yalikuwa na machozi.

"Bibi anakataa, Papa. Anasema garanti ni jasho yetu. Anaumia."

Hapo ndipo nilipoona kwamba nimegusa penye mali. Nikabana. Akalegea. Nikabana tena. Mwishowe akapumua kwa huzuni, akasema: "Bon. Kama Papa anaongeza mia moja, nitamubembeleza."

Nikaongeza mia moja.

Msomaji atauliza ilikuwaje mtu mzima asijue garanti ni nini. Jibu langu ni hili. Mimi mwenyewe nilikuwa mpangaji kwa miaka kumi na kenda. Siku niliyoingia Bulengera nilitoa garanti, na tangu siku ile sikuiona tena wala sikuisikia ikitajwa. Niliiweka moyoni pamoja na ujana wangu, katika vitu visivyorudi.

Mapatano niliyaandika mwenyewe, maana mwandiko wa Onésime haukunipendeza. Niliandika: *Garanti zote za wapangaji sita, jumla dola mia tisa, ziko mikononi mwa mnunuzi tangu leo, naye ndiye mwenye kuzijibia.*

Yale maneno ya mwisho hakuna aliyeniomba. Niliyaongeza kwa sababu sentensi bila hayo ilikuwa inachechemea.

Onésime alitia sahihi upesi hata kalamu ikatoboa karatasi.

Garini, nilipokuwa nikirudi, nilifungua daftari. Mwaka wa kwanza, kodi elfu moja na mia nane, kujumlisha garanti mia tisa, elfu mbili na mia saba. Mwaka wa pili, elfu moja na mia nane. Nusu ya mwaka wa tatu, mia tisa. Jumla elfu tano na mia nne. Ndiyo bei niliyolipa, kamili, bila dola kuzidi wala kupungua! Mtu aliyezoea, kama mimi mtunga mashairi, kupima mizani ya beti huona hesabu ikitimia namna ile, akadhani kwamba kilichotimia ni kweli.

Nilipofika Butembo nilifanya kosa la pili, dogo, ambalo lilikuja kuwa kubwa. Nilikutana na mwenye nyumba wetu, Gracien, mtu mpole wa parokia, nikamweleza habari zangu. Haikuwa lazima. Nilitaka tu anisalimie kama mwenzake.

"Ah, Mwalimu! Sasa uko mwenye nyumba!" akasema, akinishika mkono kwa mikono miwili. "Utahamia kwako siku gani?"

"Tarehe mosi si mbali," nikajibu, kwa kiburi tu, jinsi mtu anavyojibu salamu.

Tarehe mosi nilidamka kwenda Beni, daftari la hesabu mkononi na daftari jipya la risiti mfukoni.

Mbele ya nyumba yangu palikuwa na kikao. Viti sita vilipangwa duara, na katikati palikuwa na meza ndogo yenye kitambaa. Kiti kikubwa kilikaliwa na Mama Emérence wa mlango wa kwanza, mwanamke mpana mwenye sauti ya kwaya. Kando, kijana mmoja mwembamba alisimama karibu na pikipiki ya kukodi, ambayo dereva wake alikuwa amekwisha kufunga godoro nyuma.

"Karibu, mwenye nyumba," akasema Mama Emérence. "Wasingya kwa kufika. Tulikuwa tunakungoja."

"Asante sana. Nimekuja kwa ajili ya kodi ya mwezi huu."

Wakatazamana.

"Kodi gani tena, Papa? Sisi tunakula garanti."

"Mnakula nini?"

"Garanti. Nyumba ikiuzishwa, mupangaji hapana kutoa tena franga. Anakula garanti yake mpaka inaisha. Ju mwenye alishika ile franga amekwenda nayo, na huyu mupya atasema hapana kuijua. Donc miezi sita, tunaishi bila kulipa. Njo desturi ya huku."

Nilitabasamu. Nilidhani nimeuona mlango wa kutokea.

"Mama, hamna haja ya kuila! Garanti yenu haikwenda popote. Iko salama. Iko kwangu."

"Iko kwako?"

Nikatoa mapatano, nikavaa miwani, nikayasoma kwa sauti, nikikaza pale panapostahili kukazwa. *Ziko mikononi mwa mnunuzi tangu leo, naye ndiye mwenye kuzijibia.*

Kisha mama wa mlango wa tatu akapiga vigelegele.

"Papa anasoma kama redio!" akasema mtu.

"Donc unakubali," akasema Mama Emérence polepole, "garanti yetu iko mu mikono yako?"

"Imo."

"Na wewe njo utaijibia?"

"Mimi ndiye."

Akageuka kuelekea kwenye pikipiki. "Phinées! Kuya! Franga yako iko huku!"

Kijana mwembamba alikuja mbio. Alikuwa mpangaji wa mlango wa sita, amepata kazi Lubero, na asubuhi nzima alikuwa akililia garanti yake kama mtu aliyefiwa.

"Papa Mwalimu, Mungu akubariki," akasema, akinyoosha kiganja. "Mia moja na makumi tano. Nilihama leo."

"Kijana wangu, garanti hairudishwi."

Watu walicheka hata dereva wa pikipiki akashuka.

"Hairudi?" akasema Mama Emérence. "Papa, sasa ulizani inaitwa garanti ju ya nini? Mutu anatoka, anarudishiwa. Hautaki kumurudishia, anaila ndani. Ni vile tu. Batoto ba huku banajua."

Nikaomba ruhusa kidogo, nikampigia Onésime. Nilitarajia simu iwe imezimwa, kama ilivyo kwa watu wa aina yake. Alipokea mara moja, tena kwa furaha.

"Papa Mwalimu! Nyumba iko vizuri?"

"Bwana Onésime, kumbe garanti ni deni!"

"Ndiyo, Papa."

"Hukuniambia!"

"Nilikuuliza mara mbili. 'Yote?' Ukasema yote. Bibi yangu alilia kabisa."

"Nilikuongezea dola mia moja ili nichukue deni lako!"

"Tunakuombea kila siku, Papa," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kweli kabisa.

Nikakaa. Mama Emérence alichukua daftari langu pasipo kuniomba, akaupata ule ukurasa wa hesabu, akautazama kwa huruma. Penye elfu moja na mia nane kujumlisha mia tisa, alikata kwa kalamu ule mguu wa wima wa alama ya kujumlisha. Ukabaki mstari mmoja, umelala.

"Sasa iko sawa," akasema.

Hapo simu yangu ikalia. Alikuwa Kitsa.

"Mwalimu, ulimuambia Gracien nini?"

"Nilimsalimia tu."

"Ulimuambia tunahama tarehe moja! Iko hapa na bapangaji bapya, na magodoro yao iko mu salon. Nimemuuliza, anasema Mwalimu mwenyewe alimupa siku. Anasema mutu wa milango sita atabakia ku nyumba ya mwenzake kufanya nini?"

Nikavua miwani.

"Mais ni mutu wa Mungu, quand même," akaendelea. "Amenirudishia garanti yetu. Mia moja na makumi tano. Aliichunga miaka kumi na tisa mu bahasha moja. Hata dola moja hapana kupunguka."

"Kumbe ni kweli garanti hurudi?" nikauliza.

Nikasikia pikipiki za Bulengera zikipita upande wa pili.

"Mwalimu," akasema mke wangu, "uliandika nini ku ile karatasi?"

Alifika baada ya saa tatu, juu ya gari la mizigo, akiwa amekaa kati ya meza yetu na gunia la maharage. Katika muda huo wapangaji walinilisha ugali na sombe, na Phinées alikaa ubavuni pangu, asitoke hata nilipokwenda kutawadha.

Kitsa alishuka kwa shida, akishika goti moja, kisha la pili. Hakunisalimia. Alimsalimia Mama Emérence, akapewa kiti, akaomba karatasi isomwe. Mama Emérence akaisoma.

"Kuko mutu alikulazimisha?" Kitsa akaniuliza.

"La."

"Na hii ya mwisho, 'naye ndiye mwenye kuzijibia', ni Onésime alisema?"

"Hiyo ni yangu."

"Nilijua. Nimesikia sauti yako ndani."

Akasugua goti. Kisha akauliza ni mlango gani ulio wazi. Akaambiwa, wa sita.

"Kodi makumi mbili na tano," akasema Mama Emérence. "Garanti miezi sita, mbele ya kuingia. Huku hakuna mutu anaingia bila garanti, hata pasteri."

Nikasimama. "Mama Emérence! Mimi ndiye mwenye nyumba hii!"

"Njo maana hauna mulango, Papa. Milango yote ni ya bapangaji."

Kitsa alikuwa amekwisha kufungua pindo la kitenge chake.

"Andika jina yangu," akasema. "Kitsa. Bibi ya mutu, usiandike. Andika mupangaji."

Alinihesabia dola mia moja na hamsini mkononi. Nikamwandikia risiti nambari moja, ya kwanza katika daftari langu jipya. Kabla sijazikunja, Phinées alizichukua, akaziinua moja moja juani kutafuta tundu, maana huku dola yenye tundu haipokelewi, akaridhika, akanipa mkono kwa heshima, akapanda juu ya godoro lake. Pikipiki ikaondoka. Mapato yangu ya kwanza ya nyumba yalikaa kiganjani mwangu muda wa chafya.

"Alhamdulillahi," nikasema kwa kujikaza. "Angalau mlango mmoja sasa utalipa kila mwezi."

Kitsa alinitazama kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Utalipa? Nyumba iliuzishwa, Mwalimu. Na mimi ninakula garanti."

Vigelegele vilitoka katika milango yote. Mama wa mlango wa tatu alimkumbatia mke wangu kama dada aliyepotea, na kiti cha sita, kilichokuwa cha Phinées, kikasogezwa, akaketishwa duarani. Mimi nilibaki nimesimama kando ya gunia la maharage.

Mama Emérence aligonga meza.

"Kikao kinaendelea. Sasa tumetimia sita. Neno ya kwanza: choo kimejaa."

Kitsa hakugeuza shingo kunitazama. Hakuwa na haja.

"Mwenye nyumba atachimba ingine, kuanzia kesho. Mutu hapana kukataa? Bon. Neno ya pili." Alikohoa. "Mwenye nyumba mwenyewe atalala wapi? Benye banakubali alale mu mulango wa sita, bainue mukono."

Mkono mmoja uliinuka. Kisha wa pili. Kisha, baada ya kunitazama kuanzia kofia hadi viatu, wa tatu. Miwili ilibaki chini.

"Mulango ni ya Mama Kitsa," akasema Mama Emérence. "Sauti yake njo itakata."

Wote wakamgeukia. Kitsa alikuwa ameingiza vidole ndani ya gunia, akatoa punje chache za maharage, akazipanga mezani bila haraka, akiitazama kila moja kama anayeitafutia jina. Mkono wake wa pili ulikuwa bado umelala juu ya goti.